Thailand au Vietnam? Jumanne ya mwalimu wa Tanga anayekwenda kufundisha Kiingereza

Juzi nilikuwa soko la Mgandini nachagua machungwa ya Muheza, nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo mwalimu." Kugeuka, ni kijana niliyemfundisha kidato cha pili. Sasa ana shahada yake ya ualimu, anajitolea shuleni huku akisubiri ajira. Kaitwa na sehemu mbili kwa mpigo: shule ya sekondari ya Nakhon Si Thammarat, kusini mwa Thailand, na kituo cha lugha cha Hanoi, mji mkuu wa Vietnam. Akanifungulia simu anionyeshe. Huku ufukwe na minazi yake, huku taa za karatasi zimening'inia juu ya mto. "Mwalimu, wewe umekaa kote. Niende wapi?"

Nilimjibu kwa haraka, jua lilikuwa utosini na kapu limenielemea, na jibu lile halikuniridhisha mpaka usiku. Nilikaa mkoa wa Khon Kaen, Thailand, miaka 2, kisha Hanoi mwaka mmoja na nusu, ndipo nikarudi kufundisha hapa nyumbani. Picha alizonionyesha zote mbili ni za siku ya mapumziko. Hakuna anayekutumia picha ya Jumanne, na mwalimu riziki yake iko Jumanne: saa ngapi anaamka, anasimama mbele ya watoto wangapi, anakula nini mchana, na akimaliza kazi kuna nani wa kuzungumza naye. Basi nalinganisha Jumanne kwa Jumanne, kwa ajili yake na kwa wengine wanaonipigia simu wakiuliza hilo hilo.

Kwa nini nchi hizi mbili

Wengi huanza kwa kuota Korea Kusini au Japani, wakapoteza miezi. Korea Kusini hutoa viza ya mwalimu wa lugha, iitwayo E-2, kwa raia wa nchi 7 tu zinazohesabiwa kuwa za Kiingereza: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Mtanzania hata awe hodari vipi, mlango huo haugongwi. China nayo hutaka mwalimu wa lugha awe raia wa nchi ambayo lugha hiyo ndiyo ya mama, tena mwenye shahada, na tangu Julai 2021 serikali yake ilipobana vituo vya masomo ya ziada kazi zenyewe zimepungua.

Japani ndiyo iliyoniuma zaidi. Kwa viza ya mwalimu wa lugha, ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza lazima aonyeshe kwamba amesoma kwa Kiingereza miaka isiyopungua 12. Piga hesabu yako. Darasa la kwanza hadi la saba tulisoma kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza hadi cha sita ni miaka 6, chuo kikuu miaka 3. Zimetimia 9. Aliyeanza shule ya Kiingereza tangu darasa la kwanza anavuka. Sisi wa shule za msingi za serikali tunabaki ng'ambo.

Thailand na Vietnam mlango uko wazi kwetu, ingawa haukuachwa wazi kabisa.

Makaratasi

Vya pamoja ni hivi: shahada ya chuo kikuu, cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni (kile cha saa 120 ndicho kinachotambulika wengi), hati ya polisi ya kuonyesha huna rekodi ya uhalifu, na vipimo vya afya. Pasipoti yetu ni shilingi 150,000 pale Uhamiaji, anza nayo mapema. Na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ishike mkononi, usiitie kwenye begi la chini, maana Thailand huwadai wasafiri wanaotoka Tanzania.

Tofauti iko kwenye mpangilio. Vietnam hukuumiza kichwa kabla hujaondoka. Shahada, cheti cha kufundishia na hati ya polisi vyote vipigwe mhuri wa Wizara yetu ya Mambo ya Nje, kisha mhuri wa ubalozi wa Vietnam, ambao kwa bahati njema upo Dar es Salaam, halafu vitafsiriwe kwa Kivietnam. Hati ya polisi isiwe imepita miezi 6. Mimi niliichukua mapema mno, nikadhani nimewahi. Mihuri ilipokamilika hati imeshachacha, nikarudi tena kupiga alama za vidole. Hati ya polisi iwe ya mwisho kuchukuliwa, si ya kwanza. Ukishapata kibali cha kazi, ambacho huweza kufika miaka 2, unapewa kadi ya ukaazi na kichwa kinapoa.

Thailand hukuuma kidogo kidogo. Unaingia kwa viza ya kazi ya kundi B, unatafutiwa kibali cha kazi, na juu yake Baraza la Walimu la Thailand, linaloitwa Khurusapha, litoe leseni au kibali cha muda cha miaka 2 cha kufundisha bila leseni. Mwenye shahada ya ualimu hapa ana nafuu kubwa kuliko mwenye shahada ya biashara. Shule nyingi zitakutaka pia mtihani wa TOEIC, wa kupima Kiingereza chako, usiopungua alama 600, kwa sababu pasipoti yako si ya nchi inayohesabiwa kuwa ya Kiingereza. Kisha kila siku 90 unaripoti Uhamiaji unapoishi. Shule nzuri hukufanyia mengi ya haya, ina mtu wake ofisini anayejua madirisha yote. Shule mbaya hukuachia mwenyewe, na ofisini kule fomu ni za Kithai. Kabla ya kukubali kazi, uliza ni nani atakayeshughulikia kibali chako.

Jumanne ya Thailand

Saa 1 na dakika 20 asubuhi niko getini. Siyo kwa kuchelewa au kuwahi, ni zamu. Walimu hupanga zamu ya kusimama getini kupokea watoto, na kila mtoto anayepita huunganisha viganja kifuani, huinamisha kichwa, na kukusalimia. Wanaiita wai. Mwaka wa kwanza niliona ni adabu za kupendeza tu. Mwaka wa pili nikaielewa: ile ni shikamoo. Mdogo ndiye anayeanza, mkubwa hupokea, na mkubwa anayemwanzia mdogo anamtia aibu. Mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa mara mbili.

Saa 2 kamili wimbo wa taifa, bendera inapanda, nchi nzima. Hata ukiwa stendi ya basi, watu husimama. Kisha vipindi. Kipindi ni dakika 50, na mimi nilikuwa na 20 kwa wiki, darasa la watoto 40 hadi 48. Hapo hakuna jipya kwa aliyefundisha Tanga. Watoto 48 kwetu ni darasa la raha. Jipya ni kwamba hakuna anayefeli. Mwanafunzi akikosa alama hupewa kazi ya kurudia, na kurudia tena, mpaka apite. Nilisumbuka sana na jambo hili. Mtoto anakaa nyuma miaka mitatu hajui kusema jina lake kwa Kiingereza, na cheti anapata. Kama wewe ni mwalimu ambaye dawa yake ya uvivu ni kitisho cha mtihani, kule silaha hiyo haipo. Utashika darasa kwa michezo, nyimbo na mapenzi, au utazungumza na ubao.

Mchana tunakula kantini, kisha vipindi hadi saa 9 na nusu, na kuondoka saa 10 na nusu hata kama huna kipindi. Kukaa ofisini ni sehemu ya kazi. Mwalimu wa Thailand anahesabiwa kwa kuonekana: gwaride, siku ya michezo, hafla ya kuwaheshimu walimu mwezi wa Juni ambapo watoto hupiga magoti na maua mikononi. Ukipenda jumuiya, utaipenda. Walimu wenzangu walinibebea matunda, wakanipeleka hospitali, wakanialika harusini. Ukipenda kumaliza kipindi na kwenda zako, utaona umefungwa kamba.

Jioni mtaa mzima uko nyumbani kama wewe. Soko la jioni linafunguliwa, mishikaki inachomwa, papai bichi linatwangwa kwa kinu na mchi pamoja na ndimu na pilipili, na unatembea katikati ya watu ambao siku yao imeisha pamoja na yako. Hilo sikulithamini mpaka nilipolikosa.

Jumanne ya Hanoi

Saa 4 asubuhi bado niko nyumbani. Kazi ya kituo cha lugha inaanza watoto wanapotoka shule: kipindi cha kwanza saa 11 na dakika 45 jioni, cha pili saa 1 na nusu usiku hadi saa 3. Wanafunzi 15 au 18, na msaidizi wa Kivietnam ndani ya darasa anayejua nani kagombana na nani. Vifaa vyote vipo, somo limeandikwa, na mtoto anaendelea kwelikweli. Kwa upande wa kufundisha, Hanoi ilinikuza zaidi. Msimamizi alikuja kukaa nyuma ya darasa, akaniandikia kurasa mbili za mambo ya kurekebisha, na yalikuwa ya kweli. Wazazi wanalipa kwa jasho, wanauliza kwa nini mtoto hajui hiki, na wewe unajua kazi yako inatazamwa.

Asubuhi sasa. Mwanzoni nilifurahi: nafua, napika, nasoma, nalala mchana, na Wavietnam wenyewe hulala mchana bila aibu hata maofisini. Baada ya miezi mitatu asubuhi zile zilianza kuwa ndefu. Kila unayemjua yuko kazini. Na ukitoka saa 3 usiku, kila unayemjua anajiandaa kulala. Jumamosi na Jumapili, wakati wenzako wako kwenye bustani na familia, wewe ndiyo unafundisha kutwa, asubuhi mpaka jioni, kwa sababu hapo ndipo watoto wana nafasi. Siku zangu za mapumziko zilikuwa Jumatatu na Jumatano. Sikupata harusi hata moja Hanoi. Watu hawakuwa wabaya. Harusi zilikuwa Jumapili.

Vituo vingine hupeleka walimu shule za msingi za serikali asubuhi. Vipindi vya dakika 35, watoto 45 au zaidi, unatoka darasa hili unaingia lile na kipaza sauti kiunoni. Inajaza mfuko na inajaza asubuhi, lakini unakutana na watoto mara moja kwa wiki na majina yao hutayajua kamwe. Mimi nilifanya muhula mmoja nikaacha.

Kuna zawadi moja ya ratiba hiyo ambayo si ndogo. Nchi zote mbili zimetutangulia saa 4. Nikifika nyumbani saa 3 na nusu usiku, Tanga ni saa 11 na nusu jioni, mama ameshatoka jikoni, amekaa barazani. Tulizungumza kila siku. Na Ijumaa mchana, mwenye kutaka kuswali jamaa, yuko huru. Thailand Ijumaa mchana ni siku ya shule, lazima uombe.

Hela

Hapa nitasema ya kwangu tu, maana kila mkataba una lake.

Thailand nililipwa baht 22,000 kwa mwezi. Baht moja wakati ule ilikuwa kama shilingi 75. Chumba baht 3,500, sahani ya chakula 40 au 50, nikawa natuma nyumbani baht 6,000 bila kujinyima sana. Mwenye pasipoti ya Uingereza aliyekaa meza ya pili, tukifundisha kitabu kimoja, alilipwa zaidi yangu kwa mbali. Jambo hili liko wazi kabisa kule, matangazo huandika viwango viwili, na inabidi uamue kabla ya kupanda ndege kama utaweza kukaa nalo moyoni.

Vietnam nililipwa kwa saa, dong 300,000. Usiogope masifuri: kata sifuri moja utapata shilingi, kwa kukadiria. Saa 20 kwa wiki hunipa kama dong milioni 24 kwa mwezi, na chumba kilikuwa milioni 5 na nusu. Kwa hiyo Hanoi mfuko ulikuwa mzito zaidi. Lakini ulikuwa mfuko wa mawimbi. Ikifika Tet, mwaka mpya wao wa mwezi mwandamo, mwezi wa Januari au Februari, kituo kinafunga, saa hakuna, malipo hakuna. Kikipungua darasa moja, umepungukiwa. Thailand mshahara ni ule ule tarehe ile ile. Shimo la Thailand liko mahali pengine: mwaka wa masomo unaanza katikati ya Mei na kuisha Machi, na baadhi ya mikataba ni ya miezi 10. Machi na Aprili unakula akiba. Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa hivyo na sikuusoma vizuri. Wa pili nikadai miezi 12 nikapewa.

Kama nyumbani kuna mtu anayesubiri fedha zako kila mwisho wa mwezi, dawa za mzazi au ada ya mdogo wako, mshahara mdogo usiotikisika ni bora kuliko mkubwa unaopanda na kushuka. Hilo nalisema kwa uhakika, nililiona kwa macho ya mama. Kote kuwili ondoka na akiba ya miezi miwili. Mshahara wa kwanza huchelewa, na mwenye nyumba Thailand hutaka amana ya miezi miwili mara nyingi.

Chakula, swala na hali ya hewa

Mtu wa pwani akila Thailand haoni ugeni mkubwa. Tui la nazi, mchaichai, ukwaju, pilipili, samaki. Siku ya kwanza nilipoonja mchuzi wao wa kijani nilimkumbuka marehemu bibi. Nguruwe yumo kwingi, lakini Waislamu Thailand ni wengi na alama ya halali ipo kwenye pakiti hata dukani kijijini. Mikokoteni ya chapati na ile ya wali wa manjano na kuku, wanaouita khao mok kai, hubandika mwezi na nyota, unaijua kwa mbali. Kusini ndiko zaidi: Satun, Pattani, Yala, Narathiwat. Mikoa hiyo mitatu ya mwisho imekuwa na machafuko ya silaha tangu 2004, mishahara ya huko isikuvute bila kuuliza wenyeji. Nakhon Si Thammarat, alikoitwa kijana wangu, ni juu zaidi na ina misikiti yake. Khon Kaen nilikokaa mimi Waislamu ni wachache na nilipika sana.

Hanoi ni ngumu zaidi kwa Mwislamu. Msikiti ni mmoja tu mjini, Al-Noor, mtaa wa Hàng Lược. Nguruwe yumo kwenye mchuzi, kwenye mkate, kwenye tambi, na sufuria ni moja. Kilichoniokoa ni migahawa ya mboga tupu, wanayoiita chay. Wabudha wengi huacha nyama tarehe 1 na 15 ya mwezi mwandamo, kwa hiyo siku hizo mtaa mzima unakupikia. Ramadhani nilijifutarisha peke yangu mara nyingi, na hilo ni zito kuliko njaa. Kusini, Ho Chi Minh City, kuna misikiti zaidi, ukiwemo ule wa mtaa wa Đông Du wa mwaka 1935. Kama una uhuru wa kuchagua mji, ukumbuke.

Na baridi. Hanoi ina kipupwe cha kweli, Desemba hadi Februari, nyuzi 12 au chini yake, nyumba hazina cha kupashia joto, unavaa koti ndani ya darasa. Kisha unakuja unyevu wa Februari na Machi, ukuta unatoka jasho, nguo hazikauki wiki nzima. Thailand tatizo ni joto la Aprili, linalofika 40, na kaskazini moshi wa mashamba yanayochomwa. Mtoto wa Raskazone joto analijua. Baridi ile nilikuwa siijui.

Lugha

Herufi za Vietnam ni hizi zetu, zimepambwa alama juu na chini. Wiki ya kwanza unasoma jina la mtaa na orodha ya chakula, ingawa ukitamka hueleweki, maana toni ni 6. Kithai kina toni 5 na maandishi yake yenyewe yenye konsonanti 44. Mwaka mzima nilikuwa kama sijawahi kwenda shule. Kwa hiyo kwenye kusoma, Vietnam inashinda waziwazi.

Ila Kithai kilinipa kitu ambacho sikutarajia kukikuta kokote. Usiku wao wanahesabu saa kama sisi. Saa 1 usiku ni thum ya kwanza, saa 2 ni thum ya pili, mpaka saa 5. Siku muuza matunda aliponiambia anafunga song thum, nikauliza ni saa ngapi hiyo, na mwenzangu akanieleza, nilikaa kimya. Tangu nizaliwe nilidhani ni sisi tu.

Na Kivietnam kikanipa jingine. Hakuna "wewe" ya watu wote. Unamwita mtu anh kama ni kaka, chị kama ni dada, em kama ni mdogo, bác kama amewazidi wazazi wako. Ndiyo maana dakika ya kwanza wanakuuliza umri. Wazungu wenzangu walikereka kuulizwa. Sisi ambao hatuwezi kununua hata vitumbua bila kusema mama au dada, tunaona wanauliza jambo la maana. Thailand nako kuna phi kwa mkubwa na nong kwa mdogo. Na nchi zote mbili salamu ya mtaani ni ile ile: umeshakula wali?

Darasani, kumbuka kosa lao silo letu. Sisi huongeza irabu mwisho wa neno, wao humeza konsonanti ya mwisho. Nilitumia faida hiyo: niliwaonyesha kwamba mwalimu wao naye alijifunza lugha hii ukubwani, akakosea, akarekebishwa. Watoto waoga walifunguka.

Rangi yako

Sitalificha. Tangazo likisema "mzungumzaji asilia," mara nyingi linasema sura. Hanoi kituo kimoja kilinifanyia usaili kwa simu, kikanisifu, kikaomba picha, na baada ya picha hakikujibu tena. Kingine kilisema wazi kwamba wazazi wanataka mwalimu mweupe. Nililia siku hiyo. Cha tatu ndicho kilichoniajiri, na wazazi wale wale walikuwa wakinisubiri mlangoni kunishukuru. Thailand shule haikuwa na maneno hayo, ila kila duka limejaa krimu za kung'arisha ngozi, na mwanafunzi wangu mweusi kidogo kuliko wenzake aliniuliza kama sioni vibaya. Kuwepo kwangu mbele ya yule mtoto naamini kulifanya kazi kuliko kitabu chochote. Kwa jumla, mji mdogo ulinishangaa sana lakini ulinizoea upesi; jiji lilinizoea kwa macho bila kunijua.

Tahadhari isiyo na mjadala

Usiingie nchi yoyote kwa viza ya utalii ukiahidiwa kwamba kibali kitafuata. Na ukipewa kazi ya "ualimu Thailand" na mtu ambaye hakukuuliza hata somo moja la majaribio, anayekulipia tiketi na kukwambia useme unakwenda kutembea, kata simu. Vijana wengi wa Afrika Mashariki, Waethiopia na Wakenya wakiwemo, walivushwa mto kutoka Mae Sot kwenda Myawaddy, Myanmar, wakafungiwa kwenye majumba ya utapeli wa mtandaoni. Maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali walitolewa huko Februari 2025. Usaili wa kweli hukuuliza utafundishaje, na mwajiri wa kweli hukutumia mkataba na barua ya kuombea viza kabla hujaaga.

Ukiwa Thailand usizungumze kwa mzaha juu ya ufalme, hata kwenye ujumbe wa simu. Sheria yake, kifungu cha 112, ina kifungo cha hadi miaka 15. Vietnam siasa uziache mlangoni vilevile.

Nilichomwambia

Kwa anayetaka kukua upesi kama mwalimu, asiye na mtu anayemtegemea kila mwezi, anayevumilia kukaa peke yake asubuhi: Hanoi, na sitii shaka. Kwa anayetaka kuishi na watu, mwenye mzazi anayesubiri fedha, anayeswali na hataki kula kwa kuulizauliza: Thailand, hasa kusini, akikubali kulipwa kidogo na kukaa shuleni hadi saa 10 na nusu. Mimi nikirudishwa nyuma ningeanza Thailand miaka 2 na kumalizia Hanoi, kama nilivyofanya, kwa sababu ule uzoefu wa darasa kubwa ndio ulionipa ujasiri wa kusimamiwa na msimamizi mkali.

Nilimpigia simu usiku ule ule, nikamwambia asiamue kwa picha. Aombe pande zote mbili ratiba ya wiki nzima, siku kwa siku, na aulize mkataba ni wa miezi mingapi. Hanoi walimtumia saa 21, na 13 kati yake ni za Jumamosi na Jumapili. Nakhon Si Thammarat walimtumia vipindi 19, mkataba wa miezi 12. Kwenye ratiba hiyo Ijumaa baada ya chakula cha mchana palikuwa na kipindi. Akaandika kuomba kihamishwe. Walijibu baada ya siku mbili: kimehamishiwa Alhamisi, kuna walimu wengine wanne wanaokwenda msikitini saa hiyo hiyo, wataondoka pamoja kwa gari moja. Jana asubuhi alinitumia ujumbe yuko foleni ya alama za vidole, anauliza kama kadi ya njano wanaiangalia Bangkok au palepale Dar.